Feni Mbili Zilizovuta Ndani

Kompyuta ilizima tena. Mkasi akapiga meza kofi mpaka kikombe kikaruka.

Jina hilo la Mkasi alipewa kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata na kuunga video. Lakini hii haikuwa kazi ya mteja. Mama yake, mkunga, alikuwa anastaafu, na alasiri hiyo wenzake wangemuaga hospitalini. Mkasi alikuwa amehangaika huku na huko kuwarekodi watu waliozaliwa mikononi mwa mama yake: mshona nguo, dereva wa lori, mapacha wasiosikilizana hata kwa dawa. Video ilikuwa tayari. Ilibaki kutolewa iwe faili moja. Na kila ikifika katikati, kioo kinakuwa cheusi tii.

"Ni joto," mumewe alisema kutoka mlangoni.

"Najua ni joto! Nani kalileta?"

Mume akatazama pembeni. Yeye ndiye aliyeisukuma prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikimbie kupita spidi iliyotoka nayo kiwandani, akajisifu kwa kila aliyekanyaga kizingiti chao. Sasa alileta feni ya mezani, akafungua ubavu wa kompyuta, akaielekeza humo. Karatasi zikatawanyika chumba kizima. Mashine ikanguruma, ikahema, ikazima.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake mkubwa. "Mdogo wangu, watu wameanza kukaa. Uko wapi?"

"Nakuja, dada."

"Unakuja toka asubuhi."

Mkasi akapiga magoti. Alikwishapangusa vumbi, alikwishabadilisha grisi ya kupitishia joto juu ya prosesa, na vidole bado vilikuwa na madoa yake. Akachana kipande cha tishu, akakisogeza mbele ya kasha la kompyuta. Kikavutwa ndani. Akazunguka, akakisogeza kwenye feni ya nyuma. Huko nako kikavutwa ndani.

"Baba watoto, njoo uone maajabu yako."

Mume akachutama, akaona, akameza mate. "Nilitaka hewa iingie kwa wingi."

"Na itokee wapi? Puani kwangu?"

Akaigeuza feni ya nyuma bila kujitetea. Walipowasha tena, hewa ya moto ikatoka nyuma kama pumzi ya tanuri, na kwa kitambo Mkasi alipata matumaini. Video ikapita katikati. Kisha namba za joto zikaanza kupanda tena, taratibu, bila huruma.

"Irudishe spidi ya kiwandani," alisema.

"Mke wangu, ile kazi nimeitolea jasho..."

"Mama yangu anaagwa sasa hivi!"

Mkasi hakumngoja. Akaizima mwenyewe, akaiwasha akibonyeza kitufe cha kuingilia mipangilio, akarudisha kila kitu kama kilivyotoka dukani. Safari hii video ilitembea kwa mwendo wa konokono, lakini ilitembea. Alisimama juu yake akiuma kucha mpaka ikafika mwisho.

Walipofika hospitalini, wageni walikwishaondoka na viti vilikuwa vinarudishwa ukutani. Dada yake alimpita bila salamu, amebeba maua.

Mama walimkuta katika chumba cha wauguzi, amevua viatu. Mkasi akajaribu kueleza habari za feni na prosesa, machozi yakamtangulia.

"Wewe mtoto, nyamaza, washa nione," mama alisema.

Wakaitazama kwenye simu, na wauguzi wawili wakiinama mabegani mwake. Mapacha walipotokea, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyemchosha mkunga zaidi, mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwongo huyu wa kushoto," alisema. "Yeye alitoka kama sabuni. Rudisha hapo."

Mkasi akarudisha. Mlangoni, dada yake alikuwa ameweka maua chini, amesimama anatazama kwa mbali, bado amenuna.

"Sogea, dada," Mkasi alisema. "Huoni kitu huko."

Dada akasogea.