Panya wa Maji ya Chumvi

Maabara nzima ilimwita Mama Panya, naye hakukasirika. Angekasirikaje, na ndiye aliyewalisha, akawaoshea vizimba, akawaita "wanangu" kila asubuhi? Safari hii walikuwa kumi na wawili, weupe pe, kila mmoja amekatwa mshipa wa fahamu wa mguu mmoja wa nyuma. Sita walidungwa seli penye jeraha, ili mshipa uote tena. Sita walidungwa maji ya chumvi tu. Nani kapata nini, hakuna aliyejua; orodha ilifungiwa kwenye bahasha mpaka wiki ya kumi.

Nyumbani alikuwa na kaka yake, fundi seremala, ambaye msumeno ulimpitia kwenye kifundo cha mkono, vidole vikafa ganzi. Kila jioni alimkanda vidole hivyo, kimoja kimoja, visije vikakakamaa. Basi alipoona panya watano wanaburuta mguu, roho ilimuuma. Akaanza kuwakanda na kuwanyoosha vile vinyayo kila siku, dakika chache tu, kabla wenzake hawajafika. Jamani, kumkanda kilema nako kuna ubaya gani?

Wiki ya kumi Daktari, mwenye utafiti huo, aliwapaka wino nyayo, akawapitisha juu ya karatasi, akapima alama. Kisha akafungua bahasha. Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba wa seli na wa maji ya chumvi wanakanyaga sawasawa. Miaka mitatu ya kazi, yote bure. Seli hizi anaziacha.

Mama Panya akakumbuka vile vinyayo alivyovikanda. Akisema, kibarua kitaota nyasi. Akinyamaza, seli zitatupwa, na yeye alikuwa amezitegemea kwa ajili ya mkono wa kaka yake, tena kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Mficha uchi hazai.

"Dokta, mimi nimewakanda."

Akaeleza yote, machozi yakimtoka. Daktari hakumfokea. Alimuuliza ni wepi waliokuwa wakiburuta mguu.

"Wa pili, wa tano, wa sita, wa tisa na wa kumi na moja."

Daktari akapitisha kidole kwenye orodha, akarudia tena. Wote watano walikuwa wa maji ya chumvi. Wa seli hawakuwa wamemtia huruma hata siku moja, kwa kuwa walikuwa wakipona wenyewe.

"Kwa hiyo zinaponya?"

"Huenda. Lakini huruma yako si kipimo, dada. Itabidi tukate wengine kumi na wawili, na atawalisha mtu mwingine."

Mama Panya aliuliza kuhusu hawa, ingawa jibu alilijua. Wiki kumi zikiisha, panya hulazwa usingizi wa moja kwa moja, mshipa ukatolewa na kutazamwa. Ni leo mchana, kama ilivyopangwa. Daktari alimwambia aende nyumbani, wenzake watamalizia. Akakataa. Kumi na wawili hawa wanakufa bila faida, na kumi na wawili wengine watakatwa, kwa sababu ya mkono wake mwenyewe.

Akavaa glavu, akafungua kizimba cha wa pili. Panya hakukimbia. Alikuja mwenyewe kiganjani, akalala ubavu, akanyoosha mguu.

Mama Panya akamkanda kwanza.