Kadi ya Jeanine

Huku Nyalukemba tunaazimana vyote: chumvi, sufuria ya arusi, hata viatu vya kwendea misa. Anayenyima jirani tunamwita mchawi, tena kwa sauti kubwa. Kwa hiyo Charlène alipobanwa na uchungu asubuhi ile, akaja kuomba kadi ya mituelle, ule mfuko wetu wa kuchangiana matibabu, Jeanine aliichomoa nyuma ya picha ya Bikira Maria bila kusita.

“Shika, dada. Ukifika pale, weye ndiye Jeanine.”

Kadi yenyewe ilikuwa uhai wa nyumba. Bintu, binti ya Jeanine, ana ule ugonjwa wa damu, SS, na mifupa ikianza kumuuma ni mbio hospitalini. Charlène hakuwa na mituelle. Alingoja ya serikali, maana redio haichoki kusema matibabu ya watu wote yanakuja. Yanakuja, yanakuja, kama maji ya bomba! Picha ya kadi ilikuwa imefifia, mwanamke yeyote mwenye misuko angefaa.

Jeanine akashika ufagio, akautupa. Akaanza kutwanga sombe ya majani ya muhogo, akaiacha kinuni, akatoka barabarani, akarudi. Kuna kitu kilimkwaruza rohoni, asikijue.

Simu ikalia. Ni Joviale, wifi ya Charlène, aliyefika juzi tu kutoka Kalehe.

“Maman Bintu, wanamupasua! Amezimia, hasemi tena. Wanatayarisha sindano...”

Simu ikakatika, isipatikane tena. Sindano! Ee Mungu wangu! Mimba ya kwanza Charlène alichomwa penisilini, akavimba uso na koo, akaponea chupuchupu. Na fishi iliyo mbele ya daktari, ile karatasi ya habari za mgonjwa, si yake.

Jeanine alipanda kile kilima cha hospitali mbio, kandambili mkononi. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji akamkuta muuguzi.

“Musimuchome penisilini! Itamuua!”

“Fishi yake inasema alishachomwa mara mingi, hakuna shida. Weye ni nani, maman?”

Kwenye meza ya pembeni alikaa Papa Léopold, mtu wa mituelle, kofia magotini. Alikuwa amenyanyua kichwa. Sharti lake hata kuku wa mtaa wanalijua: anayemwazima mtu kadi yake anafutwa kwenye mituelle, yeye na nyumba yake yote.

Akilini Jeanine alimwona Bintu kule nyumbani, amejikunja kitandani. Akamchukia Charlène, akaichukia mimba yake, akajichukia na yeye mwenyewe. Muuguzi alikwisha kugeuka, mkono kwenye kitasa.

“Fishi ile ni yangu!” akapiga kelele. “Jeanine ni miye! Yule ni Charlène!”

Muuguzi akaingia mbio.

Charlène alipona, na mtoto akatoka analia vizuri. Papa Léopold hakugomba. Yeye na Jeanine wanaimba pamoja kwaya ya parokia, na macho yake yalikuwa mekundu alipotia kadi mfukoni.

“Unisamehe, Maman Bintu. Nikiacha yako, nitaacha za wote, na mituelle itakufa.”

Siku Charlène alipotoka, majirani walijaa kwake na vigelegele. Mtoto ameitwa Jeanine. Jeanine mkubwa alicheza, akanywa kasiksi, pombe ya ndizi, hata akacheka. Aliporudi nyumbani Bintu alikuwa amekaa sakafuni, hajawasha moto.

“Maman, magoti iko inaniuma.”

Mkono wa Jeanine ulikuwa umeshafika nyuma ya picha ya Bikira, unapapasa ukuta.