Mdomo wa Fundi Friji

Siku ishirini kabla binti hajaenda chuoni, baba yake, fundi wa friji, alimkalisha kwenye meza ya jikoni na kumpangia vitu vyake vyote: chupa nne za insulini, pakiti ya sindano, kipimo cha sukari na vijiti vyake, biskuti, na lile daftari ambalo binti aliandika sukari yake kila siku. Katikati akaweka friji dogo la bwenini, alilolifufua mwenyewe kutoka kwenye vyuma chakavu.

Nguo na vitabu vilikuwa shughuli ya mama mtu. Kisukari kilikuwa idara ya fundi tangu binti alipokipata akiwa na miaka tisa. Ni yeye aliyemchoma sindano mpaka mtoto alipoweza kujichoma, na hospitalini ni yeye aliyesema. Daktari akimuuliza mtoto alikuwa na hali gani, fundi hujibu, "Wiki hii tumeamka vizuri." Sukari ya binti aliiita sukari yetu.

"Haya, fanya mimi ni daktari wa chuoni," fundi alisema. "Unaumwa nini?"

Binti akafungua mdomo. Jibu likatokea kwa fundi.

"Kisukari, aina ya kwanza," mdomo wa fundi ulisema, kwa sauti ya binti, ile nyembamba yenye mkwaruzo mwishoni.

Wakatazamana. Fundi akajifuta midomo kwa kiganja na kuuliza dozi ya asubuhi. Binti akafumbua kinywa, fundi akasema yuniti kumi na nne. Wakarudia mpaka chai ikapoa. Mambo mengine yote binti aliyasema mwenyewe vizuri tu. Ilikuwa akiulizwa juu ya mwili wake ndipo sauti inapohamia kwa baba.

"Umemsemea miaka tisa," mama mtu alisema bila kuinua macho kutoka kwenye pasi. "Ulitaka sauti ikakae wapi?"

Akamwomba binti amletee maji ya kunyunyizia mashati.

Jumanne iliyofuata walikwenda kliniki. Daktari, mwanamke mwenye miwani iliyoungwa kwa plasta, alisema binti ametimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo ataingia peke yake. Fundi akaketi kwenye benchi la nje, kando ya mzee mwenye bendeji mguuni. Mlango ulipofungwa, mdomo wake ulianza kazi. Daktari akafungua kidirisha cha juu ya mlango ili apate kusikia majibu, akaendelea kuandika.

"Hapana, si kila siku," mdomo ulisema. "Naruka sindano."

Daktari akauliza tangu lini.

"Tangu kidato cha pili. Matroni wa bweni la shule alikuwa akifungia chupa zangu ofisini, na ofisi hufunguliwa saa nne. Wenzangu wamekula saa moja."

Fundi akajaribu kukaza taya. Taya halikuwa lake.

"Nimezimia mara tatu. Mara moja bafuni. Matroni aliniambia nikiendelea kuwasumbua watu nitarudishwa nyumbani." Daktari akauliza kama nyumbani wanajua. "Baba hajui. Zile namba za daftarini natunga. Naandika zile anazozipenda."

Kila Jumapili ya kutembelea bweni, kwa miaka mitano, fundi alikuwa amelikagua daftari lile na kutia sahihi kila ukurasa. Aliwahi kuwaonyesha hata wateja wake jinsi sukari ilivyotulia. Baridi ikampanda kutoka miguuni, naye ni mtu anayeshinda na baridi mikononi kutwa nzima. Alitaka kusimama aingie ndani, akamuulize mwanawe, lakini mdomo ulikuwa bado unatumika.

"Jicho la kushoto," ulisema. "Lina ukungu. Tangu mwaka jana."

Mzee wa bendeji akasogea kidogo kumpa nafasi.

Walipomwita ndani, daktari alieleza kwamba sukari imeharibu jicho, kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaweza kulindwa. Miadi ya daktari wa macho ilikuwa baada ya miezi minne. Kuhusu matroni, alisema hilo haliandikwi kwenye faili la mgonjwa. Kisha akamgeukia binti, akamuuliza kama ameelewa.

"Tumeelewa," fundi alisema, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Siku mbili hakushika spana. Alikaa karakanani na daftari mapajani, akizipitia zile namba nzuri moja moja. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokuja. Siku ya tatu binti alimfuata, akaketi juu ya kompresa mbovu ya friji. Fundi akamwambia kuanzia leo aseme ukweli, popote atakapokuwa, hata uwe mchungu kiasi gani.

"Jitazame, baba," binti alisema, na kwa kuwa hakuuzungumzia mwili wake, sauti ilitoka kwake mwenyewe. "Nikisema ukweli, wewe ndiye unayeugua."

Akamwinua, wakaenda kula.

Binti akaenda chuoni na friji lake. Walikubaliana kwamba siku za zahanati atapiga simu na kuiweka mezani mbele ya muuguzi, ili majibu yasikike. Muuguzi wa huko hakuona tatizo. Alisema wapo wanafunzi wenye mipango ya ajabu zaidi.

Simu ya kwanza ilimkuta fundi buchani, kichwa ndani ya friza ya muuza nyama. Akatoka, akaisogeza simu mdomoni. Muuguzi akauliza habari za sindano.

"Nachoma kila siku, kwa wakati," sauti ya binti ikasema kutoka kinywani mwa fundi, changamfu, kama mtu anayesoma gazeti.

Na kuzimia?

"Sijawahi."

Na macho?

Fundi akahesabu mapigo matatu ya moyo wake.

"Yote mawili yanaona vizuri."

Muuguzi akamshukuru, akamwita mwanafunzi anayefuata, na simu ikakatika kabla fundi hajarudishiwa ulimi wake.

Muuza nyama, ambaye alikuwa akinoa kisu, alisema ni heri mtoto kuwa na afya njema huko ugenini. Fundi akaipiga ile namba tena. Iliita, ikaita, mpaka ikajikata yenyewe.