Tangi la Gari Lililogonga Ng'ombe

Sabuni ya mche ililizuia tangi la Selwyn lisivuje kwa wiki tatu. Kila Ijumaa alijilaza chini ya gari, akaipaka sabuni kwenye ufa, akaikandamiza kwa kidole gumba, ikashika. Wiki ya nne kutu ilikuwa imelila tangi kiasi kwamba kidole gumba kilizama chote, na petroli ikamwagika kwenye mchanga mwekundu mbele ya nyumba, mbwa watatu wakitazama.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kesho yake mama yake, hapa nitamwita Dulcie, angetoka kwenye mashine ya kusafisha damu huko mjini, kilomita mia mbili na sitini, akae nje ya geti la hospitali na mfuko wake wa nguo amngoje. Mashine ilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Akikosa siku moja, miguu huvimba. Akikosa mbili, alishasema muuguzi, tusije tukalaumiana. Siku nyingine alilala hosteli, chumba kimoja na watu asiowajua. Siku zake za kulala kwao, Ijumaa hadi Jumatatu, alizipata kwa sababu ya gari lile la mwaka themanini na mbili, na sababu nyingine hakuna.

Gari la aina hiyo lilikuwa limebaki moja tu upande wetu, kilomita ya tisini kwenye njia ya mjini. Lilikuwa la ndugu yake Selwyn, mtoto wa dada yake Dulcie, aliyegonga ng'ombe akafa miaka miwili nyuma akiwa anakwenda kumwona huyo Dulcie hospitali. Jina la mtu aliyekufa kwetu halitajwi, na mimi nani nilitaje. Mbele gari lilikuwa limebonyea hadi kwenye usukani. Nyuma halikuwa na mkwaruzo. Hakuna aliyeligusa, maana gari la marehemu haliguswi wala haliendeshwi mpaka lifukizwe moshi wa majani mabichi, na mjane alikuwa amerudi kwao wiki ile ile ya msiba, kazi ikalala.

Selwyn alikwenda huko na shemeji yake, Cyril, kwa pikapu ya Cyril.

"Kufa kufaana," alisema Cyril.

"Funga domo, shika spana."

"Mimi nimeshika. Na moshi je? Au tunaiba kienyeji tu?"

Wakafukiza. Cyril aliupitisha moshi kwenye milango, kwenye viti, chini ya boneti, kwenye gurudumu moja moja. Alipofika nyuma alisimama, tawi linafuka mkononi.

"Na tangi?"

"Sogeza moto kwenye tangi la petroli, shemeji, ukamsalimie marehemu mwenyewe."

Cyril akarudi nyuma hatua nne. Basi tangi halikufukizwa. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya hivyo hivyo, na kosa ni hilo.

Walilishusha kwa jeki na ubao. Nyumbani Selwyn alitia ndani yake kokoto na maji ya sabuni, wakalitikisa wawili kila mmoja upande wake mpaka maji ya kahawia yakawa meupe, kisha wakalianika. Alihamisha boya la kupimia mafuta, akabadilisha mpira wa kupitishia petroli, akakata tyubu ya baiskeli akaitandika juu ili tangi lisisuguane na bodi, akakaza mikanda ya chuma. Lilikaa kama lililozaliwa na gari. Akatia lita kumi za kujaribia, na mshale wa geji ukapanda hadi juu kabisa. Selwyn aliigonga geji kwa ukucha. Mshale haukushuka.

Ijumaa, kilomita ya tisini, gari lilizimika likasimama pembeni, ubavuni mwa lile bovu. Selwyn aliangalia plagi, pampu, waya, vyote vizima. Mshale ulikuwa unashuka polepole. Dakika ya ishirini vumbi lilitoka upande wa mjini, likampita kwa kishindo cha lori, na lori hakuna. Baadaye likapita jingine, jepesi. Yalipita mavumbi tisa. La saba lilipunguza mwendo, likasimama. Mlango ulifunguka, redio ya mawasiliano ikakoroma, viatu vikakanyaga changarawe hadi kwenye lile gari bovu. Mtu asiyeonekana alipiga mluzi mdogo. Kisha viatu vikarudi, mlango ukafungwa, vumbi likaenda zake. Baada ya saa nne na dakika arobaini mshale ulifika chini, ukarudi juu kwa mara moja, na injini ikawaka yenyewe.

Dulcie alikuwa bado nje ya geti, jioni, mfuko mapajani.

"Ulilala njiani?" aliuliza.

"Gari lilisimama kwa ndugu yangu."

"Ah," alisema mama, akapanda.

Kurudi nyumbani gari halikusimama. Liliposimama ni Jumatatu, kuelekea mjini, saa zile zile nne na dakika arobaini, na mashine ikampita Dulcie. Kuanzia hapo wakawa wanaondoka alfajiri mbichi, na chai, na mkate wa jivuni, na turubai la kivuli. Petroli hawakununua tena, maana kila mshale uliporudi juu tangi lilikuwa limejaa.

"Serikali isijue," Cyril alisema. "Italitoza kodi hilo tangi."

Dulcie alikaa kivulini akiyahesabu mavumbi kwa vidole. La saba liliposimama, na viatu vikashuka, aliacha kutafuna.

"Huyu alimwona," alisema.

Karatasi waliyopewa wakati wa msiba ilisema marehemu aligonga saa nne asubuhi, akafa papo hapo, na kwamba hakuna gari lililopita mpaka saa tisa kasoro dakika ishirini. Selwyn aliichukua akaipeleka ofisi iliyoiandika. Mama mmoja mpole alimkaribisha kiti.

"Aliishi saa nne na dakika arobaini," alisema Selwyn. "Magari tisa yalimpita. Moja lilisimama, lina redio."

"Shahidi ni nani?"

"Tangi."

"Tangi la mafuta au la maji?"

"La mafuta."

Aliandika. "Shahidi lazima awe na tarehe ya kuzaliwa."

Selwyn alimwambia, maana ilipigwa muhuri kwenye bati: Februari, themanini na tatu. Aliandika hiyo nayo. Wiki saba baadaye barua ilikuja. Ofisi ilimshukuru shahidi kwa ushirikiano, na jalada lilibaki limefungwa.

Cyril alipata tangi jingine, kwenye jalala la shamba la ng'ombe, limetoboka mahali pamoja tu. Selwyn alifurahi mpaka akaimba. Alipanga spana zake, akaenda kuchukua jeki, na aliporudi alimkuta mama yake amekaa mchangani chini ya bampa la nyuma, miguu ameinyoosha, ile iliyovimba.

"Mama, toka hapo."

"Sitoki."

"Tunapoteza nusu ya siku pale. Siku moja utachelewa na mimi nitabaki na nani? Toka, bwana!"

"Usinipigie kelele, sikukuzaa kwa kelele." Alipangusa mchanga gotini. "Siku ile mimi nilikuwa kwenye kiti, nimefungwa mipira, naangalia televisheni. Anakuja kuniona mimi. Wakaniambia hakuteseka, nikaamini, nikala. Kumbe mtoto alikuwa ananingoja. Basi na mimi nakaa naye. Hilo tangi mpe Cyril afugie kuku."

Selwyn alimwonea hasira, hasira ya kweli, ya kutaka kupiga kitu. Alimpenda pia. Alirudisha spana kwenye sanduku.

Mwezi wa pili mvua ilinyesha siku tano. Mto ulifunga barabara, Jumatatu ikapita, Jumatano ikapita. Gari la zahanati lilikuwa limekwama ng'ambo, na pikapu ya Cyril vile vile. Alhamisi asubuhi maji yalishuka, na Selwyn akampakia Dulcie, uso umemvimba, pumzi fupi fupi. Alimwomba ndugu yake kwa sauti, njia nzima, kwamba leo tu awaache wapite. Kilomita ya tisini gari likasimama.

Alimlaza kivulini. Simu haikamati huko. Aliusukuma mshale kwa macho lakini ulishuka kwa mwendo wake. Vumbi la kwanza lisilo na gari likapita, na la pili. Kisha likaja la gari kweli, jeupe, jipya. Selwyn aliingia katikati ya barabara akipunga mikono miwili. Gari lilimkwepa kwa kupitia majanini, na dereva akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama tunavyosalimiana sote kwenye barabara ile. Lori la ng'ombe nalo likapita. Dereva aliinua kidole.

Saa ya tatu vumbi la saba lilisimama, mlango ukafunguka, viatu vikashuka. Dulcie aligeuza kichwa upande wa viatu.

"Yuko hapa," aliviambia. "Njooni basi, yuko hapa."

Mluzi, kisha viatu vikarudi. Mlango ulipofungwa Dulcie alikuwa ameshakata roho, mkono wake umeelekea lile gari bovu.

Selwyn alilia sana. Kisha alimbeba akamlaza kiti cha nyuma, jua lisimpige, akamfunika turubai. Saa ilipotimia mshale ulipanda juu na injini ikawaka yenyewe, tangi limejaa, njia nyeupe. Lakini gari la marehemu haliendeshwi bila moshi, na sasa hili nalo lilikuwa la marehemu. Selwyn alinyoosha mkono, akaizima.

Alikaa kwenye ukingo wa barabara angojee mtu wa kuwachukua. Kabla jua halijazama yalipita magari matano. Madereva wote walimwinulia kidole, na Selwyn, ambaye Dulcie alimlea kwa adabu, aliwarudishia mmoja mmoja.