Mikono ya Kisyeri Imekwenda Kliniki

Jumanne asubuhi Mokami alimwogesha mwanawe Kisyeri, akampaka mafuta, akamvalisha shati kwa kuanza na mkono ule mgumu zaidi, kama alivyofundishwa kliniki. Kisha akakunja vitenge viwili vya kumbebea, akakaa kitandani apumzike kidogo. Alipotaka kunyanyuka, mgongo ukakataa.

Haukuuma. Ulikataa tu, kama punda wa kukodi.

Kisyeri alikuwa na mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Miguu yake ilibana kama mkasi, vidole vyake vilipenda kukunja ngumi, na maneno yalimtoka polepole lakini yalitoka yamenyooka. Mwenyewe alikuwa katika mwaka wa tisa na mzito kama gunia la mihogo ambayo haijakauka. Waendesha bodaboda wa Kemambo walikuwa wameacha kumpakia, eti miguu yake inawachanganya kwenye kona.

"Leo mgongo hauendi," Mokami alisema.

Kisyeri alifikiri. "Mimi nibaki. Mikono iende."

Mokami aliona ni sawa. Mikono ikajitoa kwenye viwiko, ikashuka kitandani kwa vidole, ikatoka nje. Deus wa bodaboda aliitazama, akasema hiyo haina miguu ya kumsumbua, akaipakia mbele kwenye tenki. Ilishika vizuri kuliko abiria wengi.

Njiani mzee mmoja alilalamika kwamba mikono ya siku hizi haina adabu, imempita bila shikamoo.

"Itaamkiaje, mzee, na mdomo umebaki nyumbani?" Deus alimjibu.

Mzee akakubali kwamba hiyo ni sababu.

Hospitalini mtoa tiba kwa vitendo alikuwa mmoja, dada Honoratha, aliyehamishiwa huku kutoka Muleba. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto mambo ambayo wengine hawakumbuki walifundishwa lini: kufunga kifungo, kupiga mswaki, kula. Chumba chake alikitumia pamoja na marobota ya vyandarua, na watoto walikuwa wengi kuliko vyandarua. Alipoiona mikono mlangoni, alitazama saa.

"Mmechelewa. Haya, kaeni."

Akailegeza kidole kimoja kimoja, akaipa beseni la maharage itafute vifungo humo ndani. Baadaye akaipa kijiko alichokinenepesha mpini kwa kuuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Jioni mikono ilirudi, ikajishikiza kwa Kisyeri, ikalala.

Ikawa hivyo kila Jumanne, msimu mzima wa palizi. Mokami alipalilia, alichota maji, alimbeba mwanawe chooni na kumrudisha, na kila akiinama aliwaza jambo moja. Kwao mtoto wa kiume akishajua kula mwenyewe huacha kula jikoni na mama. Huenda kukaa kwenye sinia la baba, nje, pamoja na wanaume, na huko ndiko anakosikia habari za ukoo, za ng'ombe, za nani kakosana na nani. Wadogo zake Kisyeri walishakwenda. Yeye alikuwa bado analishwa jikoni, akiisikia sauti ya baba yake kwa mbali kama redio ya jirani.

Siku mikono ilipokiweza kijiko, ilikwenda moja kwa moja kwenye sinia la Werema, baba yake. Ikakichomeka kijiko kwenye ugali wa mtama na mihogo. Ugali ukakishika, hautaki kukiachia. Mikono ikavuta, sinia likafuata.

Wangwe, mdogo wake Werema, alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Mura, kijana wetu, umekuja kula au kupiga lipu?"

Werema hakucheka. "Irudi jikoni," alisema.

Jumanne iliyofuata Mokami alifunga bonge la ugali kwenye bakuli, akaipa mikono. Haikupita muda simu ikalia.

"Mama Kisyeri, hili jiwe ni la nini?"

"Ndicho chakula, dada. Hicho kijiko chako huku ni mgeni."

"Kwetu tunakula ndizi," Honoratha alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kujitetea.

"Najua. Sasa mfundishe mtoto cha kwao."

Basi Honoratha akajifunza kwanza yeye, akaungua vidole, kisha akaifundisha mikono: kumega, kufinyanga, kubonyeza kwa dole gumba ili mchuzi upate pa kukaa. Walianza na udongo wa kichuguu, wakahamia unga uliokandwa, wakamaliza na ugali wenyewe. Na kwa kuwa mtoto angehitaji pa kukaa, akatengeneza kiti cha maboksi na gundi chenye mkanda wa kifuani, akampa Deus akipeleke.

Jioni ya mavuno mikono ilikwenda tena. Wa kushoto ulikaa pembeni, kwa heshima. Wa kulia ukamega, ukafinyanga, ukabonyeza, ukachovya kwenye mchuzi wa dagaa. Wanaume walitazama. Tonge likapanda juu, mpaka pale ambapo uso ungekuwepo, likasimama.

Mokami alikuwa mlangoni mwa jiko, mkono wake umeshika kile kiti. Alimtazama Werema. Alingojea neno moja tu: mleteni.

Tonge lilishuka. Likavuka ua, likapita kati ya kuku na miguu ya Mokami, likaingia kinywani mwa Kisyeri aliyekuwa ameegemezwa ukutani jikoni. Mkono ukarudi kwenye sinia kumega jingine.

"Sogeeni," Werema aliwaambia wenzake. "Mwanangu apate nafasi."

Wakasogea. Hata Wangwe alisifu lile tonge.

"Baba Kisyeri," Mokami aliita, "si nimlete na mwenyewe? Kiti kipo."

"Nani?"

"Kisyeri."

"Huyu hapa anakula. Au hii si mikono yake?"

Mokami aliona kwamba hakuwa akitania. Akarudisha kiti ndani, akakiweka karibu na mafiga, akamkalisha mwanawe na kumfunga mkanda. Kisha akafukuza kuku njiani, maana wangemaliza ugali.

Tangu hapo ndivyo wanavyokula kwa Werema. Wageni wakija, mikono huonyeshwa, nao husema kweli serikali imefanya kazi. Mchuzi humwagikia uani, na kufagia ni kwa Mokami.

Juzi, wanaume walipocheka kwa nguvu kule nje, Kisyeri aligeuza shingo.

"Mama, wanasema nini?"

"Iulize mikono yako, si ndiyo iko huko?"

"Haisikii."

Mokami alitega sikio. Upepo ulikuwa unapeleka maneno upande wa pili.

"Wanaongea ng'ombe," alisema.

"Ng'ombe gani?"

Kabla hajabuni ng'ombe, tonge liliingia kutoka uani, limeshapoa, na Kisyeri akafungua mdomo.