Wali wa Moto Haufunikwi

Mgongo ulikuwa unamuuma Kuniaki tangu alipofungua macho, na kama kawaida hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Binti yao Chinatsu alishaolewa mbali, na mkewe Mitsuyo alikuwa bafuni anapiga mswaki huku amefumba macho, amechoka hata siku haijaanza. Basi akajikokota hadi jikoni, akafunua sufuria ya wali, akaanza kazi yake.

Kazi, ndiyo. Tangu alipoporomoka kutoka paa la hekalu akipanga vigae, na daktari akamwambia ngazi azisahau kabisa, kazi iliyombakia ni hiyo ya kumfungashia mkewe bento, yaani boksi la chakula cha mchana. Mitsuyo ndiye aliyekuwa akitoka sasa, kwenda kusimama kutwa kwenye kiwanda cha taulo. Na Kuniaki, ambaye zamani hata kuchemsha yai hakujua, alikuwa amejifunza kupika vya bei rahisi. Makapi ya soya, ambayo mzee Ochi muuza tofu, ile jibini ya soya, hukugawia bure ukimwamkia vizuri, aliyakaanga kwa karoti na sosi. Maharage yaliyochipua. Kipande cha figili ya achari. Wali upande mmoja, na plamu ya chumvi katikati ili usichache. Chakula kitamu, msidhani. Tatizo lake rangi tu: kahawia kona hii, kahawia kona ile.

Kisha hukipepea. Hilo alilishika kuliko yote: wali wa moto haufunikwi. Ukiufunika mvuke unageuka maji, na kwa joto lile la msimu wa mvua, mchana mtu anafungua uvundo. Kwa hiyo kila asubuhi husimama na upepeo wa karatasi, anapepea mpaka mkono unaingia ganzi, ndipo anaweka kifuniko.

Siku hiyo alipepea, akafunika, akafunga kwa kitambaa, Mitsuyo akaondoka. Baadaye kabisa, anapangusa meza, ndipo akaviona vijiti vya kulia vimelala pale pale.

"Loo! Mjinga mkubwa mimi," akasema peke yake. "Sasa atakula na vidole?"

Angeweza kuacha, kiwandani vijiti vya kuazima havikosekani. Lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo moja, na hiyo nayo aikosee? Akachukua fimbo, akaenda, anapumzika kila penye ukuta wa kuegemea, akafika kengele ya chakula imeshalia.

Chumba cha kulia kilikuwa na dirisha upande wa uani, Kuniaki akachungulia. Wanawake wameketi na maboksi yao wazi, vyakula vyekundu na vya kijani na vya manjano, wanaonjeshana. Mkewe yuko pembeni. Amekisimamisha kifuniko mbele ya boksi lake kama ukuta, kichwa kakiinamisha, anakula upesi upesi.

"Mitsuyo, leo tena umejenga ukuta?" mmoja akamtania. "Tuonyeshe basi, shoga. Au mzee wako kakupikia udongo?"

Wakaangua kicheko. Mitsuyo naye akacheka, lakini kifuniko hakukishusha. Kuniaki akavitia vijiti mfukoni, akarudi alikotoka.

Ilimuuma, nisiwadanganye. Ilimuuma kuliko mgongo. Ananionea aibu, akawaza njia nzima. Kila asubuhi najiona nami nafanya kitu, kumbe namfungia aibu kwenye kitambaa aende nayo kazini.

Jioni Mitsuyo akarudi, akaweka boksi tupu kwenye sinki. "Ahsante kwa chakula," akasema, kama anavyosema siku zote, kisha akajinyoosha sakafuni. Habari za vijiti hakuuliza, na Kuniaki hakusema. Wakala, wakalala.

Kesho yake Kuniaki akapika wali wa kifungua kinywa tu, boksi akaliacha kabatini. Mitsuyo akala, akavaa viatu pale mlangoni, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama alivyozoea kupokea boksi. Kuniaki akamwekea sarafu.

"Hizi za nini?"

"Kanunue dukani. Vya dukani vina rangi."

"Rangi? Baba Chinatsu, umeamkaje leo?"

"Jana nilikuletea vijiti. Nikauona ukuta wako."

Mitsuyo akakaa kwenye kidaraja cha mlangoni na viatu vyake miguuni.

"Ulikuja kwa miguu? Na mgongo huo?"

"Nilikuja."

"Naona aibu, ndiyo," akasema, wala hakuzunguka. "Wale wenzangu wanakata karoti zinakuwa maua. Mimi sina nguvu za kuchekwa. Nasimama kutwa, mashine zinanivumia masikioni, nataka nile tu."

"Ndiyo maana nikasema ukanunue."

"Sijamaliza! Nimesema naona aibu, nimesema sitaki? Lini boksi limerudi na punje? Wewe ukikoroma kwenye treni mimi naona aibu, nimewahi kukuacha stesheni? Mwanamume mzima unasusa kama mtoto! Lete chakula changu."

"Hakipo tayari."

"Pakia."

"Wali bado wa moto."

"Pakia, nimekwambia!"

Akapakia. Wali kutoka sufuriani, makapi ya soya ya jana, achari, plamu. Akaliweka boksi pale kidarajani, wakapepea wote wawili, yeye kwa upepeo, mkewe kwa gazeti. Mvuke haukukoma. Mitsuyo akatazama saa ya ukutani, akatupa gazeti.

"Nachelewa."

"Usifunike. Utachacha."

"Najua, sikuzaliwa jana."

Akatia vijiti kwenye mkoba, kifuniko akakibana kwapani, boksi akalishika wazi kwa mikono miwili, akatoka nalo hivyo hivyo barabarani. Majirani walikuwa nje wanatoa takataka, wakageuza shingo. Mzee Ochi, aliyekuwa akimwagia maji mbele ya duka lake, akachungulia ndani ya boksi.

"Leo tumebeba nini, mama?"

"Makapi yako," Mitsuyo akajibu kwa sauti yake ya uchovu, bila kusimama. "Kayapika mume wangu."

Kuniaki alikuwa mlangoni, amejishikilia kwenye fremu, akasikia. Akamtazama mkewe mpaka alipokata kona, kisha akaingia ndani kuosha sufuria.