Kiroba Kwenye Waya

Kwa miaka tisa mimi na mama mkwe wangu, Milembe, hatukuwahi kutazamana usoni. Ndiyo heshima yetu Wasukuma. Nikimwona njiani, naingia kichakani mpaka apite. Lakini tulikuwa na mazungumzo yetu. Kila alfajiri alitundika kiroba kitupu kwenye waya wa uzio wa uwanja wa gofu nilikofanya kazi, mimi nikakijaza majani niliyokata, naye akaja kukichukua nikishaondoka hapo wayani. Ng'ombe wake wa pekee alikula majani hayo, na maziwa akanywa binti yangu Joyness, ambaye tangu aachishwe ziwa alilelewa na bibi yake huyo.

Uwanja wenyewe ulikuja na soko huria. Kampuni binafsi ilipoanza kununua pamba Bariadi, meneja wake alichonga mashimo matatu ya gofu nyuma ya ghala. Mimi Luhende, mkulima wa pamba tangu utotoni, nikawa bwana nyasi. Kila shimo lilizungukwa na nyasi fupi laini tulizoziita grini, na mwezi wa tisa joto likipanda, grini huugua upesi. Meneja alinielekeza nimwagilie kabla ya jua, nipandishe kisu cha mashine nyasi zisikatwe fupi mno, nitoboe ardhi kwa uma ipate kupumua. Kisha akaenda Mwanza, na viwavi wakaingia grini ya pili. Niliogopa kufukuzwa. Mtu wa pamba akiona kiwavi hajiulizi mara mbili; jioni nikabeba bomba mgongoni, nikapiga dawa ya pamba, sumu ya wadudu.

Asubuhi nikakata nyasi, nikajaza kiroba, nikatundika. Mkono uliozoea hauulizi kichwa. Saa nne, nikiwa naosha bomba, harufu ilinipanda puani, nikakumbuka majani ya asubuhi nimeyakata grini ya pili. Niligeuka kutazama waya. Kiroba hakikuwepo.

Nilikimbia. Njia nzima akilini nilimwona Joyness amelala na povu mdomoni. Nilifika langoni kwa mkwe nikasimama kwa mazoea, nikaita mtoto, nikaita jirani. Hakuna aliyetoka. Nikavunja mwiko, nikaingia.

Milembe alikuwa ameketi mlangoni, panga mapajani, Joyness mgongoni amefungwa kitenge, mzima. Ng'ombe alifungwa mbali. Kiroba kilikuwa palepale miguuni pake, kimejaa. Mwaka ule vikongwe walikuwa wakiuawa vijijini kwa macho mekundu tu, wakiitwa wachawi, na macho yake, ambayo niliyaona kwa mara ya kwanza, yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni.

"Nimelima pamba kabla hujazaliwa," alisema. "Harufu hii naijua. Kama wamekutuma uniue, mwache mtoto."

Nilipiga magoti. "Sikutumwa, mayu, mama yangu. Nilipigia viwavi dawa, nikasahau."

"Ulisahau dawa, au ulinisahau mimi?"

Nilichimba shimo nikayazika majani yale mbele yake, na panga hakuliweka chini mpaka nilipotoka.

Grini ya pili iliungua, meneja akanikaripia, lakini kazini sikufukuzwa. Tangu siku hiyo nilimwagilia kabla ya jua, nikatoboa ardhi, dawa sikugusa tena. Kiroba hakikutundikwa tena, nami kila asubuhi nilirundika majani safi chini ya waya. Mpaka mvua zinaanza, yalikuwa yakikauka palepale.